Tulinganishe hamri kwa hamri

Msafiri anayeshuka treni Miritini, au anayevuka Likoni kwa feri kuingia kisiwani, huwa na swali moja kuhusu Mji wa Kale wa Mombasa: hoteli gani ina chakula kizuri? Jibu hupatikana upesi. Atatajiwa Tarboush ya Makadara, Recoda, Island Dishes ya Kibokoni au Jahazi Coffee House ya Ndia Kuu, na kila anayemjibu atakuwa na jina lake alipendalo. Sina ugomvi na jina lolote kati ya hayo. Ugomvi wangu ni na swali lenyewe. Linauliza habari za jengo, bango na meza, ilhali kinachoingia kinywani ni hamri, ni kiazi karai, ni sambusa, ni mbaazi, na kila kimoja kina ufundi wake na mara nyingi kina mpishi wake. Ninachodai ni kwamba chakula cha Mji wa Kale kilinganishwe kitu kwa kitu: hamri kwa hamri, sambusa kwa sambusa, na sifa ya mahali izaliwe na hesabu hiyo badala ya kuitangulia. Tusipofanya hivyo tutaendelea kusifu majina huku vyakula vikipungua ubora kimoja baada ya kingine, na hakuna atakayeweza kusema vilianza kupungua lini.

Watu waliobobea katika kulinganisha kwa namna hii wako mbali nasi, kusini mwa China, katika jimbo la Guangdong na jirani yake Hong Kong. Huko kuna mlo uitwao dim sum: vyakula vidogo vidogo, vingi vya kupikwa kwa mvuke ndani ya vikapu vya mianzi, vinavyofika mezani vitatu au vinne kwa kikapu na kuliwa kwa chai tangu asubuhi hadi mchana. Mtu anayekwenda kula mlo huo husema anakwenda yum cha, maana yake kunywa chai. Wazee wa mji wa Guangzhou, huko Guangdong, wana msemo wa kikombe kimoja na vipande viwili, yaani chai na vitu viwili vya kutafunia, na hapo riziki ya asubuhi imetimia. Msomaji wa Mombasa hahitaji kufafanuliwa zaidi. Hapa pia mtu akikuuliza kama umeshakunywa chai, haulizi habari za majani na maziwa. Anauliza kama umepata chakula cha asubuhi. Lugha mbili zisizo na undugu zimeufanya mlo mzima uitwe kwa jina la kinywaji chake, na hata neno letu chai ni lile lile cha la Kichina, lililosafiri kupitia Uajemi na Bara Hindi hadi likatua kwenye vikombe vyetu.

Ujirani huo si wa maneno peke yake. Mwaka 1415, katika zama za safari za Zheng He, amiri wa merikebu za China, Malindi ilipeleka twiga kwa mfalme wa China. Vigae vya vyombo vya Kichina vimefukuliwa katika magofu ya Gedi, na makumbusho yaliyomo ndani ya Fort Jesus yana vyombo vya kauri vya nchi hiyo ambavyo watu wa pwani walivithamini hata wakavipachika kwenye kuta za nyumba na nguzo za makaburi. Sahani za China zilitufikia karne nyingi kabla ya chakula cha China. Leo reli iliyojengwa na kampuni ya China, iliyofunguliwa mwaka 2017, huleta abiria Mombasa kila siku, na migahawa ya Kichina ipo mjini, lakini kwa wengi wetu chakula chake kimebaki kuwa wali wa kukaanga na tambi. Tulichokosa kuwauliza Wachina ni namna wanavyopima vyakula vyao, na hicho ndicho ambacho kingetufaa zaidi kuliko upishi wenyewe.

Upimaji wao una kipimo kinachojulikana na wote. Kati ya vyakula vingi vya dim sum, vinne huhesabiwa kuwa ndivyo vya kumjulia mpishi, na cha kwanza ni har gow, kijifuko cha kamba kilichofungwa kwa ganda la wanga wa ngano. Ganda hilo linatakiwa liwe jembamba kiasi cha kuonyesha wekundu wa kamba aliye ndani, lakini lisipasuke linapoinuliwa kwa vijiti wala lisigande kwenye karatasi ya kikapu. Mikunjo yake huhesabiwa: desturi inataka isipungue saba, na fundi hasa hufikisha kumi au zaidi. Kamba awe na mng'ato, asiwe rojo. Mlaji anayejua haya hahitaji kuambiwa kwamba mkahawa una umri mrefu au taa nzuri. Anaagiza har gow, anaitazama, anaiinua, anaiuma, na tayari ana jambo la kusema ambalo mwenzake anaweza kulithibitisha au kulipinga. Ndiyo maana duka dogo la Tim Ho Wan, lililofunguliwa mwaka 2009 katika mtaa wa Mong Kok, Hong Kong, likiwa na viti vichache tu, liliweza kupewa nyota ya Michelin, kitabu cha kupima migahawa, muda mfupi baadaye. Mwanzilishi wake, Mak Kwai Pui, alikuwa ametoka kwenye jiko la hoteli ya kifahari, lakini dukani kwake hapakuwa na kitambaa cha meza cha kumbeba. Watu walipanga foleni kwa ajili ya mikate yake midogo ya kuoka. Chakula kimoja kiliivuta sifa ya duka zima.

Sasa tuje kwetu, tuanze na hamri. Jina lake ni ndugu wa hamira, na siri yake iko humo. Unga wa ngano, hamira, iliki, sukari kidogo na tui la nazi hukandwa, vikaachwa viumuke, vikasukumwa, vikakatwa na kutiwa kwenye mafuta yaliyopata moto wa kadiri. Hamri lililofaulu hufura na kuacha uwazi katikati, ili mlaji alipasue na kutia mbaazi ndani. Likikandwa kwa maji badala ya tui, harufu yake huisha linapopoa. Lisipopewa muda wa kuumuka huwa zito na kukaa tumboni kama jiwe. Mafuta yakiwa baridi, hamri hunywa mafuta na kuacha alama kwenye karatasi. Yakiwa ya moto kupita kiasi, nje hukauka na ndani hubaki mbichi. Basi tayari tuna maswali manne ambayo yeyote mwenye macho, pua na ulimi anaweza kuyajibu: limefura, linanukia iliki na nazi, karatasi imebaki kavu, ndani pameiva? Maswali hayo hayategemei kama hamri limenunuliwa kwenye hoteli yenye viyoyozi au kwenye beseni lililofunikwa kitambaa kando ya mlango wa nyumba.

Viazi karai vinapima ustadi mwingine kabisa. Kiazi huchemshwa kwanza, kikamenywa, kikachovywa kwenye uji wa unga wenye manjano na kukaangwa kwenye karai lililokipa jina. Kazi ngumu ni ule uji. Ukiwa mwepesi mno hutiririka na kiazi kikabaki uchi. Ukiwa mzito hugeuka gamba linalobanduka likakuachia kiazi kisicho na chumvi. Na kiazi karai hakijakamilika bila ukwaju wake. Ukwaju wa kweli, uliorowekwa na kuchujwa, una uchachu unaokuja polepole na utamu nyuma yake. Siki iliyotiwa rangi hukwaruza koo na kutoweka. Sambusa nayo ni mtihani wa manda. Unga husukumwa, ukapakwa mafuta, ukapangwa tabaka kwa tabaka, ukapashwa moto kidogo kisha ukabanduliwa ukiwa mwembamba kama karatasi. Humo ndimo inamotiwa nyama iliyokaushwa maji yote, pamoja na vitunguu, dania, pilipili na ndimu. Nyama ikiwa na maji, manda hulowa na sambusa hulegea kabla haijafika mezani. Fundi wa manda wa Kibokoni na fundi wa har gow wa Guangzhou hawajaonana maishani, lakini wanapambana na tatizo lile lile: ganda liwe jembamba, na lisisaliti kilichomo ndani.

Mbaazi za nazi ndizo zinazoficha uvivu kuliko vyote, kwa sababu pilipili na chumvi vinaweza kumhadaa mlaji mwenye haraka. Mbaazi zinatakiwa zirowekwe usiku, zichemshwe hadi zilainike bila kupondeka, zipikwe kwa tui jepesi, kisha kasimele, yaani tui zito la kwanza, itiwe mwishoni juu ya moto mdogo huku ikikorogwa isije tui likakatika. Nazi ikipanda bei, la kwanza kupunguzwa ni kasimele, na nafasi yake huchukuliwa na unga wa nazi wa pakiti au unga wa ngano wa kuzidisha uzito. Bakuli huwa jeupe vile vile na zito vile vile, ila ladha ni chapwa. Kaimati nazo zina kipimo chao: shira inatakiwa ishike na kukauka juu, ile ngozi ya sukari ivunjike chini ya jino, na ndani muwe mwepesi kama sifongo. Mwenye kuweza hamri hana dhamana ya kuweza kaimati, ingawa zote mbili ni unga na hamira, kwa kuwa moja inahitaji mkono wa kukanda na nyingine inahitaji mkono wa kudondosha na jicho la kuipima shira.

Nimekaa kwenye vyakula hivi kwa sababu humo ndimo ushahidi wangu ulimo. Vyakula vitano, mitihani mitano tofauti: kuumusha, kuchovya, kusukuma manda, kuchunga tui, kupika shira. Ni vigumu kwa jiko moja kushinda mitihani yote kila siku, na orodha ndefu ya vyakula ukutani mara nyingi huwa pazia la kufunika vile visivyofanywa vizuri. Familia za Mji wa Kale zinalijua hilo tangu zamani. Angalia meza ya chai ya asubuhi, au futari ya Ramadhani, mtaani Kuze au Bondeni: mahamri yametoka nyumba hii, mbaazi zimetoka nyumba ile, sambusa zimeagizwa kwa mama mwingine mtaa wa pili, kaimati zimepikwa hapo hapo nyumbani. Sinia imekusanywa chakula kwa chakula. Ni mgeni peke yake anayekula kwa hoteli, akiamini kwamba aliyemridhisha kwa pilau atamridhisha pia kwa kaimati. Kwa hiyo ninalolipendekeza si geni. Nataka kipimo cha sinia, kinachojulikana majumbani, kitoke barazani na kuingia kwenye magazeti, redio na mazungumzo ya wazi.

Kwa nini kitoke? Kwa sababu sifa isiyo na maelezo ina madhara, na wahenga walituonya kwamba mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Methali hii husomwa kama lawama kwa mgema, lakini inamgusa msifu pia. Mgema anathubutu kutia maji kwa kuwa sifa zimeelekezwa kwake, hazikuelekezwa kwenye tembo lake. Lau wanywaji wangekuwa wanasifu ukali, harufu na povu, tone la kwanza la maji lingegunduliwa. Hivi sasa sifa za chakula cha Mji wa Kale zinakwenda zaidi upande wa mgema. Mtu huweka nyota tano kwenye simu kwa sababu alihudumiwa kwa tabasamu, au alipiga picha nzuri ya mlango wa nakshi, au alikaa kwenye mito akanywa kahawa ya tangawizi. Nyota hizo zinajumlishwa na mgeni anayefuata huzifuata. Hakuna popote kwenye jumla hiyo panaposemwa kwamba hamri limeanza kukandwa kwa maji. Mpishi mwaminifu anayenunua nazi, akaikuna kwa mbuzi na kuichuja kwa kifumbu, hapati faida yoyote juu ya mwenzake anayefungua pakiti, na siku moja atajiuliza anajitaabisha kwa ajili ya nani.

Lipo pingamizi la kwanza, nalo ni la haki: kila mtu ana ulimi wake. Mmoja hupenda hamri lenye sukari nyingi, mwingine hulitaka kavu ili mbaazi zitawale. Mmoja hutaka ukwaju wenye pilipili, mwingine hauwezi. Nakubali, na sitaki mtu yeyote abadilishiwe ulimi. Lakini tofauti ya matakwa si sawa na kasoro. Hakuna anayependa hamri bichi katikati. Hakuna anayetafuta tui lililokatika au sambusa iliyolowa. Lugha yetu yenyewe imetenganisha mambo haya mawili kwa uangalifu: tuna chakula kilichokolea na kilicho chapwa, kilichoiva na kilicho kibichi, kilichochacha na kilicho na uchachu, na kila mmoja wetu anajua kwamba kuchacha ni kuharibika na uchachu ni ladha. Lugha isingetunza maneno yote hayo kama wasemaji wake wangeamini kwamba kuhusu chakula hakuna linaloweza kusemwa. Walaji wa dim sum nao hugombana kutwa juu ya mkahawa upi bora, ila hawagombani kama ganda lililopasuka ni kasoro. Makubaliano juu ya kasoro ndiyo yanayoufanya ugomvi juu ya matakwa uwe na maana.

Pingamizi la pili ni kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mpishi mbaya atakosa wateja na mzuri atajaa, hivyo hakuna haja ya waandishi kujitia kati. Methali hii ni kweli, lakini ina sharti lisilotamkwa: wanunuzi wawe wanarudi na wawe wanajuana. Katika mtaa wa watu wanaojuana, mama aliyepunguza nazi leo ataulizwa kesho, na mtondogoo mtaa wote utakuwa umejua. Soko hilo lina kumbukumbu. Soko la mpita njia halina. Mgeni wa wikendi anakula mara moja, anapanda treni jioni, na nafasi yake inachukuliwa na mwingine asiyejua alichokula wa kwanza. Mji wa Kale umezidi kuwa mji wa wapita njia, na wakazi wengi wa zamani wamehamia Nyali, Bamburi na kwingineko bara. Kumbukumbu ya mtaa inapotawanyika, lazima iandikwe mahali, la sivyo kibaya kitajitembeza vizuri zaidi kuliko kizuri kinavyojiuza.

Pingamizi la tatu ndilo zito kuliko yote kwa wakazi wa Mji wa Kale, kwa sababu ni la adabu na la dini. Imepokewa kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, hakuwa akikitia kasoro chakula: alipokipenda alikila, na asipokipenda alikiacha. Desturi zetu zimejengwa juu ya adabu hiyo, na mtoto anayenuna mbele ya sahani hukemewa. Naiheshimu adabu hiyo, na naona ina mahali pake hasa, pale mtu anapokirimiwa. Chakula cha mwenyeji ni zawadi, na zawadi haipimwi. Lakini chakula cha kuuzwa ni bidhaa, na bidhaa ina hukumu zake. Imepokewa vile vile kwamba Mtume alipita sokoni kwenye lundo la nafaka, akatia mkono ndani yake, vidole vikakuta unyevu, na akamkanya muuzaji kwa kuuficha chini ya nafaka kavu. Hakuidharau nafaka, alichokikataa ni udanganyifu. Mbaazi zinazouzwa kuwa za nazi na kumbe nazi haimo ni lundo la namna hiyo. Kulisema hilo kwa upole na kwa ukweli ni kumlinda mnunuzi, na ni kumlinda pia muuzaji mwaminifu anayekaa jirani.

Wako pia watakaosema kwamba ulinganisho wa hadharani utawaumiza wanyonge, hasa akina mama wanaouza mlangoni ili wapate karo na kodi. Nimelitafakari hili kuliko mengine, na ninaamini ukweli uko upande wa pili. Mpangilio wa sasa ndio unaowaumiza. Anayelinganisha kwa hoteli hawezi hata kumtaja mama wa mahamri, kwa kuwa hana hoteli, hana bango, hana orodha ya vyakula, na hayumo kwenye ramani ya simu. Anayelinganisha hamri kwa hamri hawezi kumkwepa, maana huenda hamri lake ndilo la kwanza. Mwaka 2016, Michelin ilipotoa nyota kwa kibanda cha Singapore kilichokuwa kikiuza kuku wa mchuzi wa soya, ulimwengu ulishangaa kwamba chakula cha bei ndogo kinaweza kusimama na kile cha mahoteli makubwa. Wakazi wa Singapore hawakuwa na la kushangaa; walikuwa wamezoea kufunga safari kwa ajili ya kibanda kimoja na chakula kimoja, na mwaka 2020 utamaduni wao wa vibanda uliingizwa kwenye orodha ya UNESCO. Hata hivyo, nakubali kwamba pawe na mpaka. Mwandishi amtaje kwa jina, na kwa ridhaa yake, yule muuzaji mdogo anayemsifu. Kasoro aziandike kuwa kasoro za chakula, bila kumfedhehesha mtu ambaye siku moja mbaya ya mauzo inamlaza na njaa.

Pengine mtu atasema kwamba hamri haliliwi peke yake, na kulitenga na mbaazi ni kuvunja mlo. Kweli, na har gow nayo haiendi bila chai. Ndiyo sababu upimaji mzuri huwa na hatua mbili: kwanza kila kitu kivyake, kisha vikiwa pamoja. Hamri lenye sukari nyingi linaweza kushinda likiliwa na chai ya rangi, likashindwa likikutana na mbaazi. Ukwaju mkali unaweza kuokoa kiazi kilichokosa chumvi, lakini ni vizuri tujue kwamba kimeokolewa. Haki inadai masharti mengine pia. Saa iwe moja, kwa kuwa hamri la alfajiri na la saa nne ni vitu viwili, kama vile kikapu kilichotoka mvukeni sasa hivi hakilingani na kilichokaa. Muonjaji arudi zaidi ya siku moja kabla ya kuandika, maana kila jiko lina siku yake mbaya. Bei izingatiwe, ili anayeuza kwa shilingi chache asipimwe kwa mizani ya anayetoza maradufu. Na muonjaji alipe kama mteja mwingine yeyote, asile cha bure kisha akaandika.

Kazi hii ina wenyewe. Magazeti yana kurasa za siasa kila siku na za mpira kila siku. Ukurasa mmoja kwa wiki wa kulinganisha chakula kimoja, wiki hii viazi karai, wiki ijayo kaimati, usingefilisi chombo chochote cha habari. Redio za pwani zinasikilizwa majikoni asubuhi, saa ile ile mahamri yanapotoka kwenye mafuta, na zingeweza kuwapa mafundi wenyewe nafasi ya kueleza kazi yao. Mji wa Kale ni eneo la hifadhi lenye ofisi chini ya Makumbusho ya Taifa inayoangalia roshani na milango ya nakshi isibomolewe ovyo, na Fort Jesus iliingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2011. Mwaka 2021 UNESCO iliiweka Kenya miongoni mwa mifano bora ya kulinda vyakula vya asili. Heshima hizo ni kubwa, lakini mlango huhifadhiwa kwa kuachwa mahali pake, na hamri likiachwa mahali pake kesho halipo. Chakula huhifadhiwa kwa kupikwa upya kila asubuhi na mtu anayejua kwamba kuna atakayetambua akipunguza. Mtambuzi huyo ndiye hifadhi yenyewe. Wapishi wa Guangzhou hukunja mikunjo kumi kwa sababu mezani kuna watu wanaoihesabu.

Hapa kwetu wanaohesabu wapo bado. Ni bibi anayelipasua hamri na kulinusa kabla hajasema neno, ni kijana anayetumwa mtaa wa tatu kununua mbaazi ilhali zipo mtaa wa kwanza, ni mzee wa barazani anayejua ukwaju umechujwa na nani kwa kuuonja tu. Elimu yao haijaandikwa, na wengi wao wanatutoka bila kuulizwa. Basi mgeni akituuliza tena hoteli gani nzuri Mji wa Kale, tumrudishie swali: unataka kula nini? Akisema mahamri, tumpeleke yanakopikwa vizuri, na tumwambie kwa nini. Akisema sambusa, huenda tukampeleka kwingine kabisa, kwenye mlango usio na bango. Atatembea zaidi, atauliza zaidi, na sinia yake itajaa kama zinavyojaa za wenyeji, kila chakula kwa fundi wake.